Inchi 26, 27.5 au 29: Kwa Anayenunua Baiskeli ya Kwanza ya Mlimani Malindi

Anayetaka kununua baiskeli ya mlimani hapa Malindi huulizwa mapema iwapo anataka magurudumu ya inchi 26, 27.5 au 29. Baada ya miaka mingi ya kunyoosha ringi na kuziba tyubu, namshauri asianze kwa kuuliza lipi lina kasi, bali aanze na njia atakayopita na matairi atakayoyapata siku ya kuharibikiwa.

Gurudumu kubwa lina sifa ya kweli. Likikuta mzizi au jiwe la matumbawe, hulipanda kwa wepesi kuliko dogo, na mwendeshaji hapotezi mwendo. Kwenye udongo mwekundu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, nyuma ya Gede, ningechagua inchi 29 bila kusita. Hata hivyo, mzunguko wake mmoja huenda karibu mita 2.3, ilhali wa inchi 26 huenda karibu mita 2.1, kwa hiyo katika gia ileile kila pedali huwa nzito zaidi. Na kwa kuwa spoki zake ni ndefu, ringi hupinda upesi ikiwa imeundwa kwa uimara uleule. Mtu mfupi naye huenda akaona vidole vya mguu vikigusa tairi la mbele anapokata kona, na huyo namwelekeza kwenye inchi 27.5.

Waendeshaji wa mashindano wenyewe walibishana sana. Katika mbio za baiskeli za mlimani za Olimpiki ya London ya 2012, Jaroslav Kulhavý, aliyetumia inchi 29, alimshinda Nino Schurter wa inchi 27.5 kwa sekunde moja tu.

Ukiingia kwenye mchanga mweupe chini ya miti ya mirihi, ubishi huo hupungua uzito. Hapo kinachokuvusha ni upana wa tairi na upepo uliopunguzwa kiasi, ili tairi litandae juu ya mchanga badala ya kuukata. Tairi pana la inchi 26 litapita mahali ambapo tairi jembamba la inchi 29, lililojazwa upepo hadi likakakamaa, litazama.

Jambo ninalowasihi wanaoanza walishike ni kusoma milimita, kwa sababu majina ya inchi hudanganya. Baiskeli nyeusi za mizigo tunazoziita Black Mamba huandikwa inchi 28, lakini ringi yake ni ya milimita 635, kubwa kuliko ile ya inchi 29, ambayo ni 622. Inchi 27.5 ni 584. Inchi 26 ya mlimani ni 559, ilhali tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8 ni la 590 na halitashika kwenye ringi yako hata fundi alivute vipi. Tazama ubavuni mwa tairi: ukiona 54-559, namba ya kwanza ni upana, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Iandike namba hiyo kabla ya kumtuma mtu dukani.

Tyubu haina ukali huo, kwa kuwa mpira hunyumbuka: ya inchi 27.5 inaweza kukurudisha nyumbani ndani ya tairi la inchi 29, mradi upana wake unakaribiana na wa tairi.