Usirefushe bomba la boila kabla hujarekebisha moto (jibu kwa mdau wa Moshi)

Simama hapo hapo, usilipe hiyo kotesheni. Kama umeshaandika cheki, kesho asubuhi nenda benki waizuie, na fundi wako mtamalizana naye baadaye.

Kwa wanaoingia sasa: mdau ana kiwanda kidogo cha kusindika maziwa Moshi, upande wa Pasua, boila yake inachoma kuni. Majirani wamelalamikia moshi na amepewa barua ya kurekebisha ndani ya siku 90. Fundi kamwambia dawa ni kurefusha bomba kutoka mita 8 hadi mita 18 na kufunga feni kubwa zaidi, shilingi milioni 16. Anauliza kama bei hiyo ni halali, na sheria ya mazingira inasemaje.

Mangi, bei achana nayo. Hata akikufungia bure utakuwa umepata hasara. Nasema hivyo kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2018, nikayaamini, na mpaka leo nikiona mtu anataka kuyafuata moyo unaniuma.

Nina dobi la mahoteli hapa Arusha, upande wa Themi. Tunafua mashuka, taulo na vitambaa vya meza vya loji za watalii. Boila yetu ni ya mtumba, tani moja ya mvuke kwa saa, na wakati ule tulikuwa tunachoma magogo ya mgrivea na mikaratusi. Moshi ulitoka mweusi kila kijana wa boila alipojaza kuni. Mashuka meupe yaliyoanikwa nyuma yalipata vidoa vidogo kama pilipili manga, ukikifuta kimoja kinageuka mstari. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mwenye mtoto wa pumu, alikuja mara tatu. Mara ya tatu hakusema kitu, alisimama getini na mtoto mgongoni mpaka nikatoka mwenyewe.

Nikatafuta mtaalamu. Akaja injinia mmoja kutoka Dar, mtu wa maneno mazuri, kompyuta begani. Akatembea uwanjani dakika ishirini. Hakufungua mlango wa moto. Hakugusa kuni hata moja. Aliangalia juu, akaangalia nyumba za majirani, akasema bomba fupi, moshi unashuka kabla haujasambaa. Akaandika: bomba la mita 20, msingi wa zege, nyaya nne za kulishikilia, feni mpya, krini ya siku mbili. Jumla milioni 19. Nilikopa.

Na niwe mkweli, wiki mbili za kwanza tulifurahi. Uwanja wa yule mama ukawa safi, akaniletea ndizi. Mimi nikaamini kazi imekwisha.

Wiki ya tatu, ilikuwa Julai, baridi ile ya Arusha ya asubuhi ambapo Mlima Meru hauuoni na wingu limekaa juu ya paa za nyumba, alikuja mwalimu wa shule ya chekechea iliyoko kama mita 400 chini yetu. Hatukuwa tunafahamiana. Akatoa daftari la mtoto kwenye mkoba, akalifungua juu ya meza yangu, akapitisha kidole katikati ya ukurasa. Ukabaki mstari mweusi kutoka juu hadi chini. Akasema, "Hili lilikuwa wazi dirishani kwa nusu saa tu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichonunua. Nilikuwa nimenunua njia ya kumhamishia mtu mwingine masizi yangu. Bomba halipunguzi moshi hata gramu moja. Linautupa mbali. Funika kombe mwanaharamu apite, basi, ila huyu mwanaharamu hapiti, anahamia kwa jirani wa pili. Wakubwa wenzetu walishalijaribu hili kwa fedha nyingi: kule Sudbury, Kanada, kiwanda cha nikeli kilimaliza mwaka 1972 bomba la mita 381. Hewa ya mji ikapata nafuu, na salfa ikaenda kudondoka mbali zaidi. Kilichokuja kuipunguza kweli ni kuikamata kiwandani kabla haijatoka.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo injinia wangu hakunieleza, nalo litakupata na wewe. Bomba refu linavuta. Kadiri lilivyo refu na la moto ndivyo linavyofyonza hewa kutoka chini. Kwangu lilianza kuvuta hewa baridi kupitia mlango wa kuni, kwenye nyufa za matofali, kila mahali isipokuwa palipotakiwa. Moto ukapoa, majivu na cheche zikabebwa hadi juu, na kuni zikaongezeka. Tulikuwa tunatumia Fuso mbili na nusu kwa wiki, tukafika tatu na zaidi. Yaani nililipa milioni 19 ili niongeze bili ya kuni na nichafue daftari la mtoto wa chekechea.

Yule mtaalamu nilipompigia, jibu lake likawa tuongeze mita sita nyingine. Nilikata simu. Mtu anayekuja kutibu moshi bila kufungua mlango wa moto ni sawa na daktari anayekuandikia dawa akiwa amesimama barabarani, na wako wengi, wanazunguka Njiro, Unga Limited, Moshi mpaka Himo, wanauza mabomba kwa sababu bomba linaonekana na lina faida.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu aliyeendesha maboila maisha yake yote. Alifika saa moja asubuhi kabla ya moto kuwashwa, akaanzia kwenye lundo la kuni. Akachukua gogo, akalipasua, akamwambia kijana akate kipande cha katikati, tukakipima kwenye mzani wa jikoni: kilo moja kamili. Tukakiweka kwenye oveni ya mke wangu, moto mdogo, tukawa tunakitoa na kukipima mpaka uzito ukaacha kushuka. Gramu 560. Gramu 440 zilikuwa maji.

Mzee akasema, "Mwanangu, wewe unachoma mto Themi."

Sikiliza hapa vizuri kwa sababu ndio moyo wa jambo lote. Moshi mweusi ni kuni ambazo hazijaungua. Kuni kavu ikipata joto, karibu robo tatu yake inatoka kwanza kama gesi, makaa yanabaki nyuma. Gesi hizo zikikutana na hewa ya kutosha mahali penye joto kali, na zikachanganyika nayo, na zikapata muda kidogo kabla ya kufika kwenye mabomba ya maji, zinaungua karibu zote na juu hautoki moshi wa kuonekana. Likikosekana moja, zinapoa na kuwa lami na masizi. Kuni mbichi zinaua joto kwa sababu moto unahangaika kwanza kuchemsha maji. Watu wanadhani hasara ya kuni mbichi ni ule moto wa kukausha maji peke yake. Hiyo ni sehemu tu. Kuna na zile gesi zinazopaa bila kuungua, na hizo umezilipia.

Jambo la pili alilokuta: hewa yote iliingia chini ya wavu, zile nondo zinazobeba kuni. Juu ya miali, kwenye gesi, hakukuwa na tundu hata moja. Yalikuwepo zamani, fundi aliyekarabati matofali aliyaziba. Ndiyo maana tulipopima kwenye bomba oksijeni ilikuwa asilimia 15, hewa tele, na bado kaboni monoksaidi, gesi ya moto usioungua vizuri, ilipita sehemu 5,000 kwa milioni. Hewa ilikuwa nyingi ila inapita pembeni bila kukutana na gesi. Feni kubwa unayotaka kuuziwa itafanya hivyo hivyo, itakuongezea upepo usio na kazi.

La tatu ni uchochezi. Kijana alikuwa anajaza chumba cha moto mpaka mlangoni ili apumzike saa nzima. Kila akijaza, dakika ishirini za moshi mzito. Mzee akamfundisha kuweka magogo mawili matatu madogo kila baada ya dakika chache, na mlango ufungwe haraka. Kijana alinuna, nikamwongezea mshahara. Ni fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Tukajenga banda la kuni, mabati juu na pande zote wazi, kuni zinapasuliwa na kukaa miezi sita kabla hazijaguswa. Tukatoboa upya matundu ya hewa ya juu na kuweka feni ndogo kwa ajili yake. Tukaweka bati la kuzuia mvuto kwenye lile bomba refu ili lisifyonze kupita kiasi. Tukanunua kipima gesi cha mtumba. Yote hayo hayakufika milioni 5. Baada ya kuni kavu kuanza kutumika oksijeni ilishuka hadi 9, kaboni monoksaidi chini ya 700, joto la bomba likatoka nyuzi 340 hadi 230, na Fuso zikawa mbili kwa wiki. Ukisimama getini saa nne asubuhi huwezi kujua kama boila inawaka.

Baada ya hapo ndipo tulipofunga saikloni, pipa linalozungusha moshi ili majivu yadondoke chini, kwa sababu majivu yapo hata moto ukiwa mzuri. Na hapo pia usidanganywe: saikloni inakamata chembe kubwa. Zile ndogo za chini ya maikroni 2.5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambazo ndizo zinazoingia ndani kabisa ya pafu la mtoto kama yule wa jirani yangu, nyingi zinaiponyoka. Kichujio cha mifuko kinazikamata, ila kwa moto wako wa sasa lami na unyevu vitaziba mifuko na cheche zitaitoboa mapema. Kila kifaa cha kusafisha moshi kinataka moto ulionyooka nyuma yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha chembe hizo kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo usitarajie masharti yatalegea mbele ya safari.

Sheria nitaigusa kwa haraka. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007, na wa kuonana nao ni NEMC, baraza la taifa la mazingira, kanda ya kaskazini wako hapa Arusha. Viwango vya moshi wa bomba huangalia uchafu uliomo ndani ya kila mita ya ujazo ya kinachotoka. Ukirefusha bomba kutoka 8 hadi 18, uchafu ndani ya mita ile ya ujazo ni ule ule. Na usifikiri feni kubwa itauzimua, mpimaji anayejua kazi anarekebisha hesabu kwa oksijeni, yaani anaitoa ile hewa ya ziada. Boila yenyewe, usalama wa mgandamizo, ni OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, hakikisha cheti kiko hai. Barua yako ijibu kwa maandishi mapema, weka vipimo vya kabla na mpango wa kazi wenye tarehe.

Nikiri pia kwamba urefu una nafasi yake. Kama bomba lako liko chini ya paa la ghorofa la jirani, litapanda, hakuna ubishi. Lipande mwisho, moto ukiwa umekaa sawa, na kwa hesabu ya mtu aliyepima. Na feni yoyote utakayonunua mwambie muuzaji uko Moshi, mita 800 na kitu juu ya bahari. Hewa yenu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 9, kwetu Arusha karibu 15. Feni yangu ya kwanza ilichaguliwa kwa hewa ya Dar.

Usichome mabaki ya vifungashio vya plastiki kwenye hiyo boila, hata kidogo, hata siku ya mvua kuni zikikataa. Na asikutokee mtu akakwambia viwanda vya sukari vinachoma makapi ya miwa yenye maji nusu kwa nusu na vinaendelea. Matanuri yale yamejengwa kwa ajili ya makapi hayo, yako hayakujengwa hivyo.

Sasa fanya hivi leo, kabla hujalala. Chukua gogo moja la katikati ya lundo, sio la juu lililopigwa na jua, lipasue, pima kilo moja ya kipande cha ndani, kikaushe kwenye oveni, moto mdogo, ukiwa karibu, mpaka uzito usimame. Andika hapa gramu zilizobaki. Kisha fungua mlango wa moto boila ikiwa imepoa, umulike tochi kuta za juu ya wavu, upige picha ukionesha kama kuna matundu ya hewa au matofali matupu. Weka vyote viwili kwenye uzi huu. Jumamosi nashuka Moshi kwa mzigo wa loji moja, nitapita Pasua na kipima gesi changu tupime pamoja, hutanilipa kitu. Huyo fundi mwambie asubiri mpaka Jumatatu.