Wageni wa Krismasi kanisani
Dada uliyeuliza mjipangeje na wageni wa Krismasi, anza kujua nani anabaki Dar, maana ikifika tarehe 20 hivi wanakwaya kibao na wahudumu wa mlangoni washapanda basi la Moshi, sasa siku yenyewe mgeni anazubaa pale mlangoni na mtoto mgongoni hajui akae wapi. Turubai na viti vya plastiki wekeni oda mapema, Desemba mnagombania na wenye harusi. Feni na maji ya kunywa lazima, joto la Dar si mnalijua. Na jamani ile ya kusimamisha wageni wajitambulishe mbele ya kanisa zima punguzeni, wengine wanaona aibu, wasalimieni tu nje baada ya ibada mkiwa na chai.