Kivuko cha Slam Dunk: simama wapi, saa ngapi, na kwa nini picha haifanani

Msomaji mmoja ametuma ratiba yake ya siku moja ya kupiga picha mahali panapoonekana kwenye anime (katuni za Kijapani): asubuhi Kamakura, mchana ngazi za Suga jijini Tokyo, jioni Hida-Furukawa. Ni kujibana mno, hata kwa treni za Japani. Hida-Furukawa iko milimani, mkoa wa Gifu. Kutoka Tokyo unapanda shinkansen (treni ya mwendo kasi) hadi Nagoya, kisha kuna kama saa mbili na nusu nyingine za treni. Ipe siku yake, ulale huko huko. Kamakura na Suga zinatosha siku moja, mradi uanze na Kamakura, tena alfajiri.

Kivuko cha reli kinachoonekana mwanzoni mwa Slam Dunk, anime ya 1993 hadi 1996, kipo Kamakura, jirani na stesheni ya Kamakurakokomae, njia ya reli ya Enoden. Kutoka Tokyo panda treni ya njia ya JR Tokaido hadi Fujisawa, kama dakika 50, kisha ubadili uingie Enoden. Kadi ya Suica (kadi ya nauli) inatosha safari yote. Ukishuka, tazama bahari, halafu fuata reli kushoto kwako. Hata dakika mbili hazifiki. Usivuke kwenda ufukweni. Panda kidogo kile kilima, kisha geuka: barabara inateremka mbele yako, reli inaikata, nyuma yake kuna barabara kuu namba 134, halafu maji matupu.

Wengi huharibu picha hapo hapo, na kosa ni lenzi. Simu ikifunguliwa huanza na lenzi pana. Ukisimama karibu na vizuizi na lenzi hiyo, treni inakuwa kama ya kuchezea na bahari inabaki uzi mwembamba. Rudi nyuma mita 15 au 20, kaa pembeni ya barabara, vuta zoom hadi 2x au 3x. Bahari itapanda na kusimama mgongoni mwa treni, kama ilivyochorwa. Weka skrinshoti ya sini (kipande cha anime unachokiiga) kwenye simu ya pili, au hata iliyochapishwa kwenye karatasi, na ulinganishe kitu kimoja tu: mstari wa bahari unaikata treni wapi? Uko chini mno, panda. Uko juu mno, shuka.

Jambo la pili ni jua. Unatazama kusini, kwa hiyo mchana, hasa majira ya baridi, jua linakukabili: maji meupe, treni nyeusi. Asubuhi mwanga hutoka kushoto na kuangaza uso wa treni inayotoka Fujisawa, ile inayoingia kwenye picha kutoka kulia. Hiyo ndiyo ya kuwinda. Imetoka tu kusimama stesheni, haijashika kasi.

Kila upande treni hupita kama kila dakika 14. Ukikaa dakika 45 utapata kama sita. Ya kwanza usiipige. Isikilize: kengele inalia, vizuizi vinashuka, kisha unahesabu sekunde ngapi hadi pua ya treni itokeze. Ya pili anza kupiga mfululizo sekunde moja kabla ya hesabu yako. Nyingine zina behewa mbili, nyingine nne. Yenye nne hujaza upana wote na kukuzibia bahari, basi piga pua tu.

Stendi ya kamera iache hotelini. Barabara ile ni ya wakazi, magari yanapita, na watu wa kusimama katikati yake wamekuwa wengi kiasi cha mji kuweka walinzi. Anayesimama katikati ya lami ili apate "angle" anawaharibia wote watakaokuja baada yake, na hakuna udhuru wa ushabiki hapo. Wikiendi usiende kabisa.

Suga, ngazi za filamu ya anime Kimi no Na wa, ni rahisi. Shuka Yotsuya-sanchome, tembea kama dakika 10, tafuta ngazi zenye vishikio vyekundu. Ni mtaa wa makazi: sauti chini, na ukisikia hatua nyuma yako, pisha.

Hida-Furukawa, sini ya treni ya Kimi no Na wa (2016) hupigwa kutoka daraja la waenda kwa miguu juu ya reli. Usijilaumu picha isipofanana: treni ya kwenye filamu ni ya aina ya KiHa 85, na kufikia 2023 treni za aina mpya, HC85, zilikuwa zimeshika nafasi yake. Nunua tiketi ya karatasi Nagoya, na uulize kama treni yako inaishia Takayama, maana baadhi huishia hapo. Ikiishia, ngoja ya kawaida, safari ya kama dakika 15 au 20. Maktaba ya mji nayo imo kwenye filamu. Omba ruhusa kaunta kwanza, na nyuso za wasomaji zisiingie.

Itomori, mji wa kwenye filamu hiyo, usiutafute kwenye ramani. Haupo.