Nina kijiti, mume hajui

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, naishi Morogoro. Watoto wangu ni wawili, wote nimejifungua kwa operesheni, na mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Mume anataka wa tatu upesi. Niliweka kijiti cha uzazi wa mpango kimyakimya. Juzi kamlipa mtu wa miti shamba shilingi 80,000 ili nishike mimba, na dawa nazinywa. Nifanyeje? Mama Wawili.*

Marahaba, mwanangu. Kwa kijiti sikulaumu. Umepasuliwa mara mbili, na hata Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine. Kilichonichoma ni hiyo 80,000. Unapokunywa mizizi mbele ya mwenzio huku unajua haitafanya kitu, hiyo si siri tena, unamchezea.

Na usidhani hatajua. Kijiti kinalala chini ya ngozi ya mkono, upande wa ndani, kama njiti ya kiberiti. Kidole kikipita juu yake kinakikuta. Utavaa mikono mirefu kitandani hadi lini?

Mwambie mwenyewe, watoto wakiwa wamelala na mama mkwe hayupo. Anza na hofu yako: "Baba nanihii, niliogopa kupasuliwa tena." Atanuna, na ana haki ya kununa. Lakini kama ni mtu wa kuinua mkono, usimwambie mkiwa peke yenu. Tangulia kwa somo wako au mzee anayemsikiliza.

Barua yako ina kurasa mbili (hapa nimeifupisha), na hakuna mahali uliposema kwa nini ana haraka. Hukumuuliza? Labda anasukumwa na mama yake, labda anahesabu umri wake. Muulize, kisha nyamaza umsikilize.

Halafu nendeni wote kliniki. Huduma ya uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure. Amsikie muuguzi mwenyewe kwamba kijiti kinatolewa siku yoyote mnayotaka na uwezo wa kushika mimba hurudi mapema, maana wanaume wengi wanaamini kinaua kizazi. Bebeni na kadi za operesheni zote mbili, daktari awaambie kama mwili wako unaweza wa tatu, na baada ya muda gani.

Ile chupa ya mizizi iliyobaki, usiimalize.