Nywele za asili na maji ya bahari

SWALI: Nywele zangu ni za asili, sijaweka dawa. Mwezi ujao naenda Paje, Zanzibar, siku 5, na kuogelea lazima. Safari iliyopita zilikauka kama makumbi na ncha zikakatika, ingawa nilipaka mafuta ya nazi kila asubuhi. Nifanyeje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Dada, mafuta hayaongezi maji kwenye unywele, yanazuia tu yaliyomo yasitoke haraka. Ukiyapaka kwenye nywele kavu, zitang'aa lakini zitabaki kavu.

Kabla ya kuingia baharini, zimwagie maji yasiyo na chumvi hadi zichuruzike. Unywele ulioshiba hunyonya maji chumvi kidogo. Paka kondishena vijiko 2 vya chakula, ukianzia nchani, kisha sokota twisti nene 8 hadi 10. Ukitoka, suuza papo hapo. Chumvi ikikaukia kichwani, nywele hukwaruzana na kufunga mafundo, na hapo ndipo zinapokatika.

Onja kwanza maji ya bomba ya hoteli! Maji ya visima pwani ile mara nyingi yana chumvichumvi: shampuu haitoi povu vizuri, na ukiyatumia kusuuza umerudi kulekule. Nunua chupa ya lita 1.5 kwa suuza ya mwisho. Fumua mafundo kondishena ikiwa bado kichwani, kwa vidole, ndipo uchukue kichana cha meno mapana.

Rasta nazo ni sawa, ila usizifunge zikiwa mbichi. Mashina yasipokauka huvunda.