Wakoloni au walowezi wa Mirihi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri maneno yanayopita chini ya picha katika tamthilia ya Mars, ile ya National Geographic ya mwaka 2016, ili klabu ya sayansi ya shuleni kwetu iitazame. Niliandika "wakoloni wa Mirihi". Mwanangu wa darasa la sita akasoma, akaniuliza: "Wanamtawala nani huko?" Nikafuta, nikaweka "walowezi", na bado roho haijatulia. Lipi sahihi? Na je, wamefika Mirihi au Mirihini?

JIBU: Marahaba. Mwanao amenipunguzia kazi. Kwa Kiswahili mkoloni ni mtawala, na hawezi kuwepo bila mtawaliwa. Mirihi hakuna mtu, sasa atatawala mawe? Waingereza huita koloni hata kundi la mchwa. Waache na lugha yao.

"Walowezi" ndilo lenye mambo. Limetoka kwenye kulowea, yaani kukaa ugenini hadi ukawa kama mwenyeji. Ukisikia "alikuja Tanga kukata mkonge, akalowea", hakuna lawama ndani yake. Huyo alioa, akajenga, akazikwa hukohuko. Doa limeletwa na historia. Mkenya akisikia neno hili anawakumbuka masetla. Waliofuatilia habari za kusini mwa Afrika wanaikumbuka Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ambako walowezi chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao mwaka 1965. Na redioni leo ni walowezi wa Ukingo wa Magharibi. Sikio linasikia ardhi ya watu iliyochukuliwa.

Lakini mimi silikatai kwa sababu hiyo. Nalikataa kwa sababu ya muda. Wale wanaanga sita wa tamthilia yako wanashuka na chombo chao, Daedalus, mwaka 2033, na hata mahali pa kutua wamepakosa. Mtu aliyeshuka jana, ambaye bado anahangaikia pa kujisitiri, amelowea lini? Waite "watangulizi", na wanachokijenga kiite "makazi", si koloni. Msimu wa pili, uliotoka 2018, hadithi inarukia mwaka 2042. Mji umeshasimama, na kampuni ya uchimbaji ya Lukrum inaingia kutafuta faida. Hapo sasa wale wa kwanza ni walowezi hasa, na wageni ni hawa wachimbaji. Ukikuta mmoja wa wenyeji amewarushia wageni neno la ukoloni, mwachie "wakoloni" lake, litauma panapostahili. Asiposema, usimsemee.

Jihadhari pia na mchanganyiko wa tamthilia yenyewe. Inakatiza kisa cha 2033 na kutuingizia mahojiano ya 2016, ya kina Elon Musk, mwenye kampuni ya roketi ya SpaceX, na Robert Zubrin, mhandisi anayepigania safari za Mirihi. Wahusika wa kisa wamekwishahamia. Wa mahojiano wanapanga tu. Kwa hiyo huku "wamehamia", kule "tutahamia". Kitenzi kuhamia kinatosha kabisa, na nakusihi usije ukaandika "kukoloni sayari", kama nilivyowahi kuona mahali.

Kuhusu Mirihini: hapana. Kiambishi -ni hukaa kwenye nomino za kawaida, kama nyumbani, sayarini, duniani. Jina la mahali halikihitaji. Husemi "nimefika Mombasani", basi nao "wamefika Mirihi", au ukipenda kurefusha, "katika sayari ya Mirihi". Mwezi tunaupa -ni kwa kuwa ni nomino tuliyokuwa nayo tangu zamani, ndiyo maana Armstrong alitua mwezini mwaka 1969. Ila kwenye kipindi cha watoto wa shule chunga kitenzi: ukiandika kwamba mwanaanga wa kike "ameingia mwezini", wasichana wa darasa la saba wataangua kicheko na wewe hutajua kwa nini. Andika "ametua".