Maswali Yenu: Moyo Mzito na Kidole Gumba

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Nina miaka 36, nalima zabibu hapa Hombolo. Mwezi wa tatu mnunuzi aliyetuahidi hakutokea, zabibu zikaozea shambani, na mkopo wa kikundi uko palepale. Wiki ya tatu hii naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Shambani nakwenda, watoto nawapikia, lakini hata mlenda niliokuwa nausifia hauna ladha mdomoni. Sijafikia kutamani kufa. Mwenzangu wa kikundi anasema kuna sehemu za mwili ukizibonyeza sonona inaondoka. Ni kweli, au ni uganga tu?
Mama wa watoto wawili, Hombolo

JIBU: Marahaba mwanangu, mbukwa. Ahsante kwa kuniambia wazi kwamba hujafikia kutamani kufa. Nimeuguza miaka 31, na wagonjwa wengi neno hilo hawalisemi mpaka waulizwe.

Si uganga. Ni tiba ya kale ya Wachina, ndugu ya ile ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, ila hapa kidole ndicho kinachofanya kazi. Madaktari wa China wamekuwa wakija Tanzania Bara kwa zamu tangu 1968, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha usiku wa zamu, yeye na Kiswahili chake cha kuokoteza, mimi nikimpa mkono abonyeze. Mwenzako amezidisha pale aliposema inaondoa sonona. Zipo tafiti zinazoonyesha kwamba watu huzuni na wasiwasi uliwapungua, lakini nyingi ni ndogo, na jambo lenyewe ni gumu kupima: kidonge cha bandia unaweza kumpa mtu asijue, kumbonyeza kwa bandia si rahisi. Kwa hiyo ichukue kama msaada wa pembeni.

Tuanze na hiyo saa tisa ya usiku. Ukiwa umelala chali, geuza kiganja kitazame juu. Laza vidole vitatu vya mkono wa pili kwenye kifundo, kuanzia pale mkono unapokunjika, kuelekea kwenye kiwiko. Vinapoishia, katikati, utagusa kano mbili zinazosimama ukikunja ngumi. Weka kidole gumba baina yake. Bonyeza mpaka usikie maumivu ya kuvumilika, yale ya kusema “hapo hapo”, si ya kukunja uso. Vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu kwa mdomo, ndefu kuliko ulivyoivuta. Dakika mbili, kisha hamia mkono wa pili. Wengine huibonyeza sehemu hiyo kwa kichefuchefu cha safarini.

Mume wangu alipofariki, nilikuwa nikibonyeza hapo ndani ya daladala asubuhi, mkono nimeuficha chini ya kitenge. Huzuni haikwenda popote. Lakini nilikuwa nashuka kituoni pumzi imetulia, na naweza kumwitikia mtu salamu. Siku zile hilo kwangu lilikuwa kubwa, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Mchana ongeza nyingine mbili. Moja ipo kwenye mkunjo wenyewe wa kifundo, upande wa kidole kidogo, kwenye kishimo. Ya pili ni katikati ya nyusi: hapo usikandamize, gusa tu kwa kidole cha kati na ufumbe macho. Mara mbili kwa siku zinatosha. Usibonyeze penye kidonda, uvimbe au mishipa iliyovimba. Kama una mimba, acha kabisa ile sehemu ya kati ya kidole gumba na cha shahada, na ile ya juu ya kifundo cha mguu kwa ndani. Wanaofundisha tiba hii huzikataza kwa wajawazito.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukuniuliza. Huzuni, usingizi kukatika na chakula kukosa ladha vikipita wiki mbili, tunamwambia mtu aende akaonwe. Wewe uko ya tatu. Nenda kituo cha afya wiki hii, ueleze kama ulivyonieleza mimi, na uombe wakupime damu pia, maana upungufu wa damu nao humchosha mtu akadhani ni moyo. Wakikupa dawa, usizikatishe kwa sababu siku tano zimepita hujaona kitu. Huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia. Wakikuandikia kwenda Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili, usiogope jina. Najua hapa Dodoma watu hulifanya tusi, “utapelekwa Mirembe”, na linaniuma kila nikilisikia. Ni hospitali, mwanangu. Wapo wanaokwenda kliniki asubuhi na jioni wako kwao wanapika.

Siku ukiona wazo la kufa linakuja, usingoje kesho wala usibonyeze kitu. Mwamshe mtu, mwende hospitali usiku huohuo.

Na mkopo usiubebe peke yako. Ombeni kikao cha kikundi kabla hamjaanza kupogoa, mpange upya marejesho, kwa sababu hakuna kifundo cha mkono kitakachokulipia deni. Huyo mwenzako mwambie akusindikize kituoni. Mkiwa mnangoja foleni, mpe mkono akubonyeze yeye.